Tezi za Shingo Zisizonywea: Namna ya Kufuatilia Ugonjwa wa Kinga ya Mwili, Hatua kwa Hatua

Kosa linalowaangusha wengi ni moja. Mtu anavimba tezi za shingo, anapewa antibiotiki ya siku saba, uvimbe haunywei. Anapewa nyingine. Mwezi wa pili anapewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga na uvimbe, tezi zinanywea ndani ya siku chache na nyumba nzima inashukuru. Dawa inapokwisha zinarudi, na safari hii hata kipimo kizuri kinashindwa kusema ni ugonjwa gani, kwa kuwa ile dawa imekwisha kuufuta ushahidi.

Wapo waliomeza dawa za kifua kikuu miezi sita kwa ugonjwa ambao haukuwa kifua kikuu. Wapo pia walioambiwa wana lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, kwa karatasi moja ya maabara, ilhali kilichokuwa shingoni ni kifua kikuu chenyewe. Pande zote mbili kilichokosewa ni mpangilio wa hatua.

Magonjwa ambayo kinga ya mwili inayasababisha au kuyachochea, kama vile lupasi, baridi yabisi, ugonjwa wa Sjögren (unaokausha kinywa na macho), ugonjwa wa Kikuchi (wa tezi za shingo zenye maumivu na homa), ugonjwa wa Still (wa homa na upele) na sakoidosisi (ya vivimbe vya seli ndani ya tezi na mapafu), huvimbisha tezi kwa sababu tezi za limfu ndizo vituo ambamo seli za kinga hukutana, huamrishwa na kuzaliana. Hata hivyo, katika nchi zetu maambukizi ndiyo chanzo cha kawaida zaidi, na saratani ya limfu haiko mbali. Ugonjwa wa kinga hauthibitishwi mpaka hayo mawili yaondolewe. Mwongozo huu haukufundishi kujitibu. Unakufundisha kufika mbele ya daktari ukiwa na ushahidi ambao haujavurugwa.

## Kabla ya yote: nani asisubiri

Nenda hospitali leo, bila kuanza hatua yoyote hapa chini, ikiwa unapumua au kumeza kwa shida, mate yanakudondoka kwa kushindwa kumeza, shingo imekakamaa pamoja na homa, uso umevimba, umepata degedege, au mkojo umekuwa mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Mtoto mdogo mwenye homa ya siku tano au zaidi naye ni wa leo, na sababu yake nimeieleza mwishoni.

Kuna wengine ambao wanaweza kulala hadi kesho lakini wasisubiri mwezi: mwenye tezi juu ya mtulinga, mwenye tezi ngumu kama jiwe isiyosogea, aliyepungua uzito bila kukusudia, na anayelowesha shuka kwa jasho usiku. Hao waingie moja kwa moja kwenye hatua ya 5 na ya 6.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja dogo, litakalokuwa la kazi hii tu.
- Rula ya sentimita au tepu ya fundi cherehani.
- Kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso hauhesabiki.
- Mizani, au duka la dawa la jirani lenye mizani, na iwe ileile kila wiki.
- Simu yenye kamera.
- Glasi ya maji na kioo.
- Mfuko wenye dawa zote ulizotumia miezi mitatu iliyopita, zikiwamo paketi tupu na chupa za dawa za mitishamba.
- Karatasi zote za vipimo vya zamani, hata zile zilizosema "hakuna tatizo".

## Hatua ya 1: Hakikisha kilichovimba ni tezi ya limfu

Kiswahili chetu kinatupa shida kidogo hapa, kwa sababu neno "tezi" tunalitumia kwa mambo matatu tofauti. Kaa mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji na uangalie. Uvimbe wa katikati ya shingo unaopanda na kushuka unapomeza ni rovu, yaani goita, na njia yake ya uchunguzi ni nyingine. Uvimbe ulioko mbele ya sikio na kufunika pembe ya taya, unaoinua ndewe ya sikio, ni wa tezi za mate. Kwa mtoto huwa ni matumbwitumbwi, na kwa mtu mzima unaweza kuwa ugonjwa wa Sjögren au VVU.

Tezi za limfu ni zile zilizo chini ya taya, kandokando ya msuli mrefu unaoteremka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, nyuma ya shingo, kwenye kisogo na juu ya mtulinga. Zipapase kwa sehemu laini ya ncha za vidole vitatu, ukizungusha polepole bila kubonyeza kwa nguvu, kichwa kikiwa kimeinamia kidogo upande unaoupapasa ili msuli ulegee. Tezi ya kawaida huteleza chini ya kidole kama kunde iliyolowekwa.

Tezi ndogo zisizozidi sentimita 1 zinaweza kupapasika kwa watu wenye afya njema, hasa watoto na watu wembamba. Ile ya chini ya pembe ya taya inaruhusiwa kufika sentimita 1.5. Ya juu ya mtulinga hairuhusiwi kipimo chochote. Ukiipapasa tu, ni ya kuchunguzwa.

Onyo. Usiikande tezi, usiipake mafuta ya moto, usiichanje chale. Kidonda cha chale huleta maambukizi mapya, na maambukizi hayo yenyewe huvimbisha tezi, kisha hatujui tena tulikuwa tunafuata nini. Hata kupapasa mara kwa mara huiuma na kuivimbisha. Mara moja kwa wiki inatosha.

Umefaulu ukiweza kumwonyesha mtu mwingine kwa kidole kimoja tezi iko wapi, naye akaipata.

## Hatua ya 2: Pima, piga picha, andika

Daktari anapokuuliza "imeanza lini?" na wewe ukajibu "muda kidogo", umepoteza nusu ya safari. Muda ndio unaotenganisha mambo. Tezi iliyofuata mafindofindo, jino bovu au kidonda cha kichwani huanza kunywea ndani ya wiki mbili hadi nne. Iliyopita wiki nne bila kupungua, na bila sababu inayoonekana, inahitaji uchunguzi kamili.

Kila wiki, siku ileile, andika mambo haya: mahali ilipo, urefu wake kwa sentimita, inauma au haiumi, inateleza au imeshika, na ulaini wake. Kwa ulaini tumia mifano unayoijua mwenyewe. Laini kama ndewe ya sikio, yenye kunesa kama raba ya kufutia, ngumu kama jiwe, au yenye kubonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Hiyo ya mwisho mara nyingi ina usaha ndani. Ongeza uzito wako, na joto la mwili la jioni ukiwa na homa. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

*Jumatatu. Kulia, nyuma ya msuli, chini ya sikio. Sm 2. Inauma nikigeuza shingo. Inateleza. Kama raba. Karibu yake ipo ndogo, sm 1. Joto saa 3 usiku 38.4. Kilo 54. Sijameza chochote isipokuwa paracetamoli mbili.*

Ukurasa kama huo una thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Akiusoma, daktari mzoefu tayari anaanza kuufikiria ugonjwa wa Kikuchi, hasa ikiwa aliyeuandika ni mwanamke aliye chini ya miaka 40, kwa kuwa ugonjwa huo hupenda tezi za nyuma ya shingo, mara nyingi za upande mmoja, zenye maumivu na homa. Tezi za lupasi kwa kawaida ni laini, haziumi, zinateleza, na huwa sehemu zaidi ya moja ya mwili. Za kifua kikuu huelekea kushikana zenyewe kwa zenyewe kama kichala, kisha hulainika na hata kutoboka. Hizo ni dalili za kuelekeza tu. Nimeona kila moja ya kanuni hizo ikivunjwa.

## Hatua ya 3: Ondoa macho shingoni, kagua mwili mzima

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoutambulisha ugonjwa wa kinga. Shingo peke yake haiwezi kukwambia una lupasi. Vidole, mdomo, macho, nywele na mkojo vinaweza.

Tezi nyingine. Papasa makwapa na vinena. Kinenani tezi ndogo ni jambo la kawaida kwa watu wengi, hasa wanaotembea pekupeku, kwa hiyo mtoki mdogo usikutishe. Cha kuandika ni kama kuna tezi zaidi ya sentimita 1 sehemu mbili au zaidi zisizo kinena.

Viungo. Jiulize kuhusu asubuhi, kwa sababu maumivu ya kazi huzidi jioni ilhali ya baridi yabisi na lupasi huzidi unapoamka. Unaweza kukamua nguo? Unaweza kusonga ugali? Vidole vinachukua dakika ngapi kulegea? Zaidi ya nusu saa kila siku kwa wiki sita ni jambo la kuandika kwa herufi kubwa.

Ngozi. Maelezo mengi ya lupasi husema "wekundu wa mashavuni wenye umbo la kipepeo", na maelezo hayo yameponza watu wetu, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, kwenye mashavu na juu ya pua, unaozidi baada ya kukaa juani. Tafuta mabaka yenye magamba masikioni na kichwani yanayoacha kovu jeupe katikati. Piga picha mchana, karibu na dirisha, bila taa ya kamera. Upele wa ugonjwa wa Still nao huja na homa ya jioni na kupotea homa ikishuka, kwa hiyo upigwe picha saa ileile, kwani ukifika kliniki asubuhi hautakuwapo.

Mdomo na macho. Angalia kaakaa kwa kioo na tochi. Vidonda vya lupasi hapo mara nyingi haviumi, ndiyo maana mwenyewe hajui kuwa anavyo. Je, unashindwa kula mkate bila chai? Unaamka usiku kunywa maji kwa ukavu wa kinywa? Macho yanakwaruza kana kwamba yana mchanga? Hayo yakidumu miezi mitatu, fikiria Sjögren.

Nywele na mkojo. Nywele zinazokatika kwenye mstari wa mbele wa kichwa bila kusukwa kwa kukazwa, na mkojo wenye povu jingi lisilotoweka, viandikwe.

Umefaulu ukiwa na orodha ya "ndiyo" na "hapana" kwa kila sehemu. "Hapana" nazo ni majibu. Mtu mwenye tezi ya shingo na "hapana" kila mahali, ana uwezekano mdogo wa lupasi, hata kama jirani yake anayo.

## Hatua ya 4: Zikague dawa, na uzuie steroidi

Mwaga ule mfuko wa dawa mezani. Dawa zenyewe huweza kuichokoza kinga na kuvimbisha tezi: fenitoini na kabamazepini za kifafa, na alopurinoli ya jongo, ndizo zinazojulikana zaidi. Tezi zikivimba pamoja na homa, upele na uso kuvimba wiki mbili hadi nane baada ya kuanza mojawapo, hiyo ni dharura, nenda hospitali na paketi mkononi. Dawa ya kifafa usiiache mwenyewe ghafla, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.

Kisha zitafute steroidi: prednisoloni na deksamethasoni, za vidonge au sindano. Chunguza pia dawa za unga zisizo na lebo zinazouzwa kwa ajili ya maumivu ya viungo au kuongeza hamu ya kula, kwa sababu baadhi yake zimechanganywa na steroidi bila kusema.

Onyo kuu la mwongozo huu. Usimeze steroidi kwa ajili ya tezi ambayo haijachunguzwa. Steroidi hufanya tezi za karibu kila ugonjwa zinywee: za lupasi, za Kikuchi, za saratani ya limfu, na kwa siku za mwanzo hata uvimbe wa kifua kikuu. Ndiyo maana kunywea kwake hakuthibitishi lolote. Saratani hujificha, kinyama (kipande cha tezi cha kuchunguzwa) kikichukuliwa kinaweza kuonyesha seli zilizokufa tu, na kifua kikuu kilichokuwa kimejikunja kwenye tezi moja hupata nafasi ya kusambaa.

Ikiwa umekwisha kutumia, usifiche. Andika jina, kiasi na tarehe. Ikiwa umetumia zaidi ya wiki tatu mfululizo, usikate kwa mara moja, kwani mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake. Daktari atakupunguzia taratibu.

Upo udhuru mmoja wa haki: mgonjwa aliye hatarini, kwa mfano mwenye lupasi iliyoingia kwenye figo au ubongo, au ambaye njia ya hewa imebanwa. Huyo hupewa steroidi hospitalini bila kusubiri majibu, na uamuzi ni wa daktari aliyeko mbele yake.

## Hatua ya 5: Vipimo vya mwanzo, vya bei nafuu kwanza

Vingi kati ya hivi hupatikana kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Vifanyike vyote kabla ya kukimbilia vipimo vya gharama.

1. VVU. Huvimbisha tezi vyenyewe, na hubadilisha maana ya kila kipimo kinachofuata.
2. Picha kamili ya damu. Chembe nyeupe zikiwa chini badala ya juu, hasa pamoja na chembe sahani kupungua, maambukizi ya kawaida ya bakteria hayaelezi vizuri. Lupasi, Kikuchi na virusi vinaeleza vizuri zaidi.
3. Mkojo kwa kijiti. Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na kwa anayeshukiwa lupasi ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Protini na damu kwenye mkojo humaanisha figo zinaweza kuwa zimeguswa, na figo haziumi.
4. Picha ya kifua. Huonyesha kifua kikuu cha mapafu, na pia tezi za kifuani zilizovimba pande zote mbili, kama inavyotokea kwenye sakoidosisi.
5. Kasi ya damu kutuama. Hupanda kwenye kila aina ya uvimbe, kwa hiyo inasema upo moto bila kusema unaungua wapi.
6. Kaswende. Kipimo cha kawaida kinaweza kuwa chanya kwa mwenye lupasi ambaye hajawahi kuwa na kaswende. Kabla ya kumgombeza mwenzi wako, omba kipimo cha pili cha kuthibitisha.
7. Altrasaundi ya shingo. Tezi yenye umbo la haragwe na kitovu chenye mafuta inatuliza moyo. Iliyokuwa duara na kupoteza kitovu hicho inahitaji sindano au kisu.

Umefaulu ukitoka hapo na nakala za majibu yote mkononi mwako. Hata karatasi iliyoandikwa "kawaida" ibaki.

## Hatua ya 6: Kinyama

Wengi hukwama hapa kwa hofu kwamba tezi ya saratani ikiguswa na kisu itasambaa. Kuondoa tezi kwa uchunguzi hakufanyi saratani ya limfu isambae. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi.

Njia ya kwanza ni sindano nyembamba. Ni ya haraka, hufanyika kliniki, na kwa kifua kikuu ni nzuri sana, kwa kuwa majimaji yaliyovutwa yanaweza kuingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa mbili na pia kueleza kama vimelea vina usugu kwa rifampisini.

Ila sindano huleta seli zilizotawanyika, mithili ya matofali yaliyobomolewa, ilhali Kikuchi, lupasi na saratani ya limfu hutambuliwa kwa namna nyumba nzima ilivyojengwa. Sindano ikisema "mchochota tu" na tezi bado ipo, mara mbili mfululizo, omba tezi nzima itolewe. Zilizopo kadhaa, ichaguliwe iliyo kubwa na isiyo ya kawaida kuliko zote, na si ile iliyo rahisi kufikiwa. Ya kinenani iwe ya mwisho. Kwa tezi za nyuma ya shingo mwambie anayekupasua kwamba ungependa afanye aliyezoea shingo, kwa kuwa hapo unapita mshipa wa fahamu wa kuinua bega, na ukikatwa bega hulegea.

Sasa nisimulie kosa ambalo nililiona karibu mno. Binti mmoja alitolewa tezi nzuri, nzima, ya sentimita 2.5, na tezi yote ikatumbukizwa kwenye chupa moja ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama. Majibu yalipokuja yalionyesha vivimbe vya seli vinavyoweza kuwa kifua kikuu na vinavyoweza kuwa sakoidosisi. Ili kutenganisha tulihitaji kuotesha vimelea, na fomalini huua vimelea. Ikabidi apasuliwe tena. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake, na sikuandika mstari mmoja uliohitajika.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, muulize daktari kwa adabu lakini kwa uwazi: *Kipande kimoja kitawekwa kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia (kusomwa kwa darubini), na kingine kwenye chombo safi chenye maji ya chumvi yasiyo na vimelea kwa ajili ya kifua kikuu?* Fomu ya maombi iandikwe umri, muda wa uvimbe, homa, hali ya VVU, dawa zilizotumika, na maneno "kifua kikuu, saratani ya limfu, lupasi au Kikuchi?". Mtaalamu wa patholojia anayepokea kinyama kilichoandikwa "tezi ya shingo" pekee ni kama fundi aliyeletewa saa bila kuambiwa ina tatizo gani.

Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta zina huduma ya patholojia. Nyingine husafirisha sampuli, hivyo uliza itachukua muda gani na nani atakupigia. Kabla ya kuondoka andika namba ya sampuli.

## Hatua ya 7: Vipimo vya kinga, na jinsi ya kutodanganywa navyo

Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli za mwili wenyewe, ndicho mlango wa lupasi, na ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Takriban mtu 1 kati ya 20 wenye afya njema hupata ANA chanya katika kiwango cha 1:160, yaani hata damu ikizimuliwa mara 160. Malaria na kifua kikuu vinaweza kuileta. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, nayo inaweza kuileta, kwa hiyo ANA chanya kwa mtu aliyemaliza dozi hiyo karibuni isomwe kwa tahadhari.

Upande wa pili wa kipimo ndio wenye nguvu: ANA hasi hufanya lupasi iwe na uwezekano mdogo sana. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vinahitaji ANA ya angalau 1:80 ndipo mtu aanze kuhesabiwa alama za lupasi, na tezi za shingo hazimo kwenye alama hizo. Zinazohesabiwa ni figo, viungo, ngozi, damu na mengineyo uliyoyaandika kwenye hatua ya 3. ANA ikiwa chanya na mwili ukawa na dalili, ndipo zinafuata kingamwili dhidi ya DNA na viwango vya protini za kinga ziitwazo komplimenti, C3 na C4.

Kipimo cha baridi yabisi kiitwacho RF kina udhaifu uleule. Homa ya ini na kifua kikuu vinaweza kukipandisha. Kipimo cha anti-CCP kina uhakika zaidi. Kwa ugonjwa wa Still, feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, hupanda kupita kiasi.

## Hatua ya 8: Majibu yamefika

Kikuchi. Mara nyingi ni habari njema. Hupona wenyewe ndani ya mwezi 1 hadi 4, kwa kupumzika na dawa za maumivu. Steroidi ni kwa waliolemewa. Usikubali kuanzishiwa dawa za kifua kikuu "kwa tahadhari tu" ikiwa kinyama na GeneXpert vyote vinapinga. Ila wachache hupata lupasi baadaye, na wakati mwingine tezi ya lupasi hufanana kabisa na ya Kikuchi chini ya darubini, kwa hiyo ANA ipimwe na ufuatiliaji uendelee.

Lupasi. Haidroksiklorokwini ndiyo nguzo, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe na mtaalamu. Steroidi sasa zina mahali pake.

Baridi yabisi. Methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeua watu. Haifai kwa mjamzito wala anayepanga kupata mimba.

Sjögren. Tezi iliyotulia ikianza kukua ghafla, au tezi ya mate ya upande mmoja ikawa ngumu, rudi kwenye hatua ya 6, kwa kuwa ugonjwa huu huongeza uwezekano wa saratani ya limfu.

Kifua kikuu, au VVU pamoja na kifua kikuu. Hapa kinga huingia kwa mlango wa nyuma. Mtu anaanza dawa, anapata nafuu, kisha tezi zinavimba upya na homa inarudi. Kwa aliyeanza ARV, dawa za VVU, hutokea mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo: kinga iliyokuwa imelala imeamka na kuvishambulia vimelea kwa fujo. Wengi huacha dawa wakidhani zimewadhuru. Usiache. Rudi kliniki wahakikishe si usugu wa dawa wala ugonjwa wa pili, na wakuamulie kama unahitaji steroidi au kufyonzwa usaha.

## Mtoto mdogo: njia fupi

Kwa mtoto, hasa wa chini ya miaka mitano, mwenye homa ya siku tano na tezi ya shingo ya upande mmoja yenye sentimita 1.5 au zaidi, angalia macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vipele, upele mwilini, na viganja au nyayo zilizovimba. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa Kawasaki, ambao bila tiba huharibu mishipa ya moyo kwa takriban mtoto 1 kati ya 4. Dawa yake, imunoglobulini ya kuingizwa kwenye mshipa, inatakiwa ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Kwa huyu hakuna daftari la wiki nne. Taja jina la ugonjwa huo kwa daktari, na taja siku ya homa kwa hesabu.

## Ikiwa majibu ni "tezi imechangamka tu"

Maneno hayo hayamaanishi kwamba huna ugonjwa. Yanamaanisha kwamba kwenye tezi hiyo, siku hiyo, hawakuona saratani wala kifua kikuu. Endelea na daftari. Rudi baada ya mwezi 1, kisha wa 3, wa 6 na wa 12, na kila mara upimwe mkojo kwa kijiti na picha kamili ya damu. Ratiba hiyohiyo nawapa waliopona Kikuchi. Tezi ikikua, ikiwa ngumu, au zikiongezeka nyingine, omba kinyama kingine.

Kinyama chako cha kwanza hakitupwi mara moja. Hugandishwa kwenye kitalu cha nta na kuhifadhiwa maabara, na mtaalamu mwingine anaweza kukiomba na kukisoma upya bila wewe kupasuliwa tena, mradi namba ya sampuli ipo. Iandike kwenye jalada la daftari, kwa kalamu isiyofutika.